Miaka mitatu niliyoilipa benki initunzie pesa nisizokuwa nazo

Salio lilisomeka vizuri kabisa kwenye kioo cha ATM. Nilichotaka kutoa kilikuwa kidogo kuliko kilichomo. Nikabonyeza, mashine ikanguruma kidogo, ikaniambia muamala hauwezi kukamilika. Nikapunguza kiasi, ikakataa tena. Nyuma yangu watu walikuwa wameanza kukohoa kile kikohozi cha foleni. Mara ya tatu nikashusha hadi nusu, ikakubali, kisha ikauliza kama nataka risiti. Nikasema ndiyo, angalau nijue kulikoni. Baadaye niligundua kwamba hata ile risiti nilikatwa pesa.

Akaunti yangu ilikuwa na kima cha chini cha salio, yaani pesa ambazo ni zangu kwa jina lakini hazitoki mpaka siku nitakayofunga akaunti. Juu ya hapo kulikuwa na ada ya kutoa, ambayo mashine huitenga kwanza kabla ya kunipa chochote. Yote mawili yaliandikwa kwenye fomu niliyoisaini kwa mkono wangu miaka mitatu nyuma. Sikuwa nimeisoma. Nilikuwa na miaka 23, nimepata kazi ya kwanza, na nilikuwa na haraka.

Haraka yenyewe ilitoka ofisini. Mwajiri alitaka namba ya akaunti kabla ya Ijumaa, la sivyo mshahara wa mwezi wa kwanza ungesubiri wa pili. Siku hiyo hiyo, bahati iliyoje, benki moja ilikuwa imeweka meza mlangoni. Vijana wawili wachangamfu, fulana za rangi moja, kalamu za bure. Niliuliza maswali mawili tu: itachukua muda gani, na kadi itakuwa ya rangi gani. Nikaambiwa siku mbili, na kwamba kwa mtu mwenye kazi kama yangu kuna akaunti maalumu ya wataalamu vijana, yenye kadi ya dhahabu, bima ya safari na meseji kwa kila muamala. Ada ya mwezi ni sifuri kwa miezi sita ya mwanzo. Sikuuliza mwezi wa saba kuna nini. Nani huuliza mwezi wa saba akiwa na kadi ya dhahabu mkononi?

Siwalaumu sana wale vijana. Walikuwa kazini kama mimi, na sikumbuki kama walinidanganya popote. Walijibu nilichouliza. Tatizo ni kwamba maswali yangu yalikuwa ya mtu anayenunua viatu.

Kwa hiyo jioni ile ya ATM niliamua kuiomba benki taarifa ya akaunti ya mwaka mzima, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikaenda tawini kesho yake, nikapewa kurasa nyingi, na nikatozwa kwa kila ukurasa. Wiki mbili baadaye mwenzangu kazini alinionyesha kwamba karatasi zile zile zilikuwa bure ndani ya programu ya benki kwenye simu yangu, sehemu ambayo sikuwahi kuigusa. Hiyo ndiyo ilikuwa ada yangu ya kuchunguza ada.

Nilikaa chini na kalamu nyekundu. Kila mstari ambao pesa ilitoka na mimi sikununua kitu wala kumpa mtu, niliuzungushia duara. Mwanzoni nilidhani nitapata duara tatu au nne kwa mwezi. Ukurasa wa pili ulikuwa mwekundu kama umetokwa na vipele.

Ada ya mwezi ilikuwepo, bila shaka, tangu mwezi wa saba. Meseji zililipiwa moja moja, na kwa kuwa kila ada nayo ni muamala, nilikuwa napokea meseji ya kunijulisha kwamba nimekatwa, kisha nakatwa kwa ajili ya meseji hiyo. Lakini kilichonila zaidi kilikuwa kingine. Mwezi mmoja nilihesabu mara 11 nilizotoa pesa, na tisa kati ya hizo zilikuwa kwenye ATM za benki nyingine, kwa sababu mashine ya benki yangu ilikuwa mbali na nyumbani. Ukitoa kwenye mashine ya wengine, benki yako inaweza kukukata, na mwenye mashine naye anaweza kukukata. Nami nilikuwa natoa kidogo kidogo, nikiamini hiyo ndiyo nidhamu: nisibebe pesa nyingi nisije nikazitumia. Ada haikujali nimetoa kidogo au kingi, ilikuwa ile ile. Kuna siku nilitoa kiasi kidogo mno hivi kwamba ada yake ilikuwa kama sehemu ya kumi ya pesa niliyopewa. Mkopeshaji wa mtaani angeniona na kunihurumia.

Nilipojumlisha mwaka, ilikaribia nusu ya mshahara wangu wa mwezi mmoja. Nilirudia hesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Kisha nikakunja karatasi nikaziweka chini ya godoro kama mtu anayeficha barua ya mapenzi. Aibu yangu haikuwa ya umaskini. Mimi ndiye ninayejulikana kwetu kuwa mtu wa hesabu. Nilimwambia mama peke yake, kwenye simu, siku kadhaa baadaye. Alinyamaza kidogo akasema, "Bandu bandu, mwanangu. Gogo ndivyo linavyokwisha."

Kulikuwa na duara moja kubwa kuliko zote na sikuielewa hadi nilipoenda kuuliza. Iliandikwa kwa vifupisho, na ilijitokeza karibu kila baada ya miezi miwili. Niliingia tawini nimejaa hasira. Nikasema kwa sauti kwamba naibiwa, kwamba nitahama, kwamba nitawaambia watu. Yule dada wa dirishani aliniangalia kwa upole wa mtu aliyekwisha kuyaona mengi, akaniambia niandike malalamiko kwenye fomu. Niliondoka mikono mitupu. Wiki iliyofuata nilirudi nimetulia, nina karatasi zangu na tarehe nimezipigia mstari, nikaomba kuonana na afisa wa wateja. Nikamuuliza swali moja: hii ni nini, na ilisababishwa na nini?

Ilikuwa ni kodi ya nyumba. Nilikuwa nimeweka agizo la kudumu, benki imlipe mwenye nyumba kila tarehe 25, kwa sababu ndivyo mkataba ulivyosema. Mshahara wangu uliingia tarehe 28. Miezi ambayo nilikuwa nimebana matumizi, agizo lilipita. Miezi mingine pesa hazikutosha, agizo likakataliwa, na kila agizo linalokataliwa lina adhabu yake. Mwenye nyumba naye alinitoza kwa kuchelewa. Pigo mbili kwa kosa moja, na kosa lenyewe ni siku tatu kwenye kalenda.

Baadaye mambo yalizidi kuharibika kwa kisingizio cha kutengenezwa. Benki ilinipa ovadrafti bila mimi kuiomba, au pengine niliiomba kwa kugonga "nakubali" kwenye simu. Sasa agizo halikukataliwa tena: benki ililipa kwa pesa zake, akaunti ikaenda chini ya sifuri, na nikatozwa ada ya kuingia humo pamoja na riba. Mimi niliona kodi imelipwa kwa wakati, nikafurahi, nikadhani benki imeanza kunipenda. Ovadrafti ni mkopo. Haiji na sherehe wala barua ya kukopa, ndiyo maana ni rahisi kusahau kwamba ni mkopo, na inaweza kuwa mkopo ghali kuliko wowote ambao ungeukubali ukiwa umekaa mezani.

Nilipoanza kusoma juu ya jambo hili nikajua sikuwa peke yangu. Nchini Marekani benki kadhaa zilishtakiwa mahakamani kwa sababu ya jinsi zilivyopanga miamala ya siku: malipo makubwa yanapitishwa kwanza, salio linakauka, kisha vile vidogo vidogo vinavyofuata vinagonga mwamba kimoja kimoja, kila kimoja na ada yake. Mpangilio ukigeuzwa, mteja yule yule angelipa ada moja. Uingereza, tangu Aprili 2020, wasimamizi wamezizuia benki kutoza ada za mkupuo kwa ovadrafti, yaani ada ya kiasi kile kile hata deni liwe dogo au kubwa. Gharama inatakiwa ionyeshwe kwa kiwango kimoja cha riba ya mwaka. Sheria za kila nchi ni zake. Kilichonisaidia ni kujua kwamba hata mpangilio wa mistari kwenye taarifa ya akaunti una mtu aliyeuamua.

Yule afisa, kwa sauti ile ile ya upole, aliangalia mwenendo wangu, akaniambia anaweza kunirudishia ada mbili za karibuni kwa kuwa ni mara ya kwanza kuomba. Sikujua kwamba ada hurudishwa. Sikuwa na haki nayo popote kwenye fomu, ilikuwa hisani, lakini hisani hii hupewa anayeomba. Nilimuuliza pia kama agizo linaweza kuhama kwenda tarehe 30. Alilihamisha pale pale, nikiwa nimekaa. Mwenye nyumba nilimpigia nikiwa nje, akasema, "Tarehe 30 si shida, mwanangu, mradi ije." Miaka mitatu ya adhabu ilimalizwa na simu ya dakika mbili.

Ungetegemea nihame benki siku hiyo. Nilisubiri miezi minne. Sehemu ni uvivu, sehemu ni woga kwamba huko niendako kutakuwa vile vile, na mimi nitakuwa nimejisumbua bure. Lakini niliitumia miezi hiyo kufanya jambo moja ambalo, nikiulizwa leo, ndilo pekee ninalojivunia katika kisa hiki. Niliandika ukurasa mmoja kuhusu pesa zangu zinavyotembea.

Ukurasa huo haukuwa na jina la benki yoyote. Ulisema: mshahara unaingia mara moja, tarehe 28. Natoa taslimu mara 11. Nalipa kwa kadi mara 15 hivi. Natuma kwa watu wengine mara sita, nne kati ya hizo kwenda kwenye simu zao. Agizo la kudumu ni moja. Siku salio linapokuwa chini kabisa ni tarehe 26 na 27, na siku hizo hubaki karibu na sifuri. Siweki taslimu dirishani. Sihitaji hundi. Nimesafiri nje ya nchi mara moja kwa miaka mitatu. Bima ya safari sikuwahi kuitumia, na kusema kweli sikujua hata namba ya kupiga.

Halafu nilienda benki tatu, moja baada ya nyingine, wakati wa mapumziko ya mchana. Badala ya kuuliza "mna akaunti gani nzuri?" niliweka ukurasa mezani nikasema: mwezi kama huu, kwenu ungenigharimu kiasi gani? Wa kwanza alicheka akidhani ni utani. Wa pili alinipa kipeperushi. Nilimrudishia kwa heshima nikamwomba orodha kamili ya ada, ile ndefu yenye herufi ndogo ambayo kwa kawaida hubandikwa ukutani mahali pasipofikika au kuwekwa mwisho kabisa wa tovuti. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 2014 linalozitaka benki zimpe mteja waraka mfupi wa ada kabla hajafungua akaunti, na baadaye zimpe taarifa ya ada zote alizolipa, angalau mara moja kwa mwaka. Mimi sikuwa na sheria ya kutegemea, nilikuwa na kalamu. Nilijitengenezea waraka wangu.

Matokeo yalinishangaza. Benki iliyojitangaza kwamba akaunti yake ni bure ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote kwangu. Ada ya mwezi haikuwepo kweli, lakini kila kutoa na kila kutuma kulilipiwa, na mimi ni mtu wa kutoa na kutuma. Ya pili ilitoza ada ndogo kila mwezi lakini ikaruhusu kutoa mara kadhaa bila malipo. Kwa mtu anayelipa karibu kila kitu kwa kadi na hagusi taslimu, ile ya bure ingekuwa bure kweli. Nilitoka pale nikiwa nimeelewa kitu ambacho hakuna tangazo lingeniambia: swali la akaunti ipi ni nafuu halina jibu mpaka useme nafuu kwa mwezi wa nani.

Ya tatu ilinitia uchungu. Walikuwa na akaunti ya vijana, haina ada ya mwezi, haina kima cha chini. Umri wa mwisho wa kuifungua ulikuwa miaka 26. Nilikuwa nimeuvuka kwa miezi minne, ile ile minne niliyopoteza kwa uvivu. Mbaya zaidi, nilipouliza kwenye benki yangu ya zamani kwa udadisi tu, nikaambiwa nao wanayo ya namna hiyo, tena pamoja na akaunti ya msingi ambayo haina mapambo yoyote. Siku ile mlangoni mwa ofisi hakuna aliyeitaja. Sikuuliza. Kama una chini ya miaka thelathini, au ndiyo kwanza umemaliza masomo, uliza kwa jina: mna akaunti ya vijana, ya wanafunzi, ya msingi? Na uliza itageuka kuwa nini umri ukipita, maana nyingi hazifungwi, zinahamishwa kimyakimya kwenda akaunti ya kawaida yenye ada za kawaida.

Hilo la mwisho nalijua kwa sababu lilinipata. Nilikuwa na akaunti ya wanafunzi tangu chuoni. Nilipopata kazi niliiacha na pesa kidogo ndani, nikisema itakuwa akiba ya dharura. Dharura ilipokuja nikaikumbuka. Ilikuwa imegeuzwa kuwa akaunti ya kawaida, ikanywewa na ada mwezi hadi mwezi, kisha ikalala. Akaunti isiyoguswa kwa muda mrefu huwekwa kwenye kundi la zilizolala, na kuiamsha kunahitaji uende mwenyewe na kitambulisho, mahali pengine na ada juu. Nilienda na kitambulisho changu kuamsha sifuri.

Nilijaribu pia kuwa na akili ya akiba katikati ya yote haya. Nilifungua akaunti ya akiba iliyonipa riba ya asilimia 3 kwa mwaka, nikajiona mwekezaji. Salio langu lilikuwa dogo, na ada ya mwezi ya akaunti hiyo ilikuwa karibu nusu ya asilimia moja ya salio. Nusu mara 12 ni asilimia 6. Kila mwaka benki ilinipa 3 kwa mkono wa kulia ikachukua 6 kwa wa kushoto, na nilikuwa nikipokea meseji ya kunipongeza kwa riba. Hesabu hii ni ya darasa la sita, lakini hakuna karatasi inayoweka riba na ada kwenye mstari mmoja. Weka mwenyewe. Akiba ndogo inahitaji kwanza akaunti isiyo na ada, na riba ije nyuma.

Safari ile moja ya nje nayo ilikuwa na darasa lake. Nililipa kwa kadi dukani, mashine ikaniuliza: ulipe kwa sarafu ya hapa au ya kwenu? Nikachagua ya kwetu kwa sababu ndiyo niliyoielewa, nikajisikia salama. Ukichagua hivyo, anayebadilisha pesa ni mwenye mashine, kwa kiwango anachokipanga yeye, na kwa kawaida ni kibaya kuliko kile ambacho ungepata kupitia kadi yako. Ukiwa nje, lipa kwa sarafu ya pale ulipo. Kadi yako bado inaweza kukukata ada ya muamala wa nje, asilimia 2 au 3 kwa kadi nyingi, kwa hiyo uliza kabla ya kupanda ndege.

Basi nikachagua ile ya pili, yenye ada ndogo ya mwezi. Kulikuwa na chaguo la nne pia, benki ya kwenye simu isiyo na matawi wala ada ya mwezi, ambayo wenzangu wengi wadogo wanaipenda. Sikuichukua kama akaunti kuu kwa sababu nilitaka mahali pa kwenda kugombana kwa upole. Wewe unaweza kuamua tofauti. Ila hakikisha jambo moja: kama ni benki yenye leseni na amana zako zina bima, au ni kampuni tu inayokuwekea pesa kwenye benki ya mwingine. Bima ya amana ndiyo inayokurudishia pesa benki ikianguka, hadi kiwango fulani kwa kila mtu kwa kila benki. Marekani waliianzisha mwaka 1933 baada ya benki nyingi kufa na pesa za watu, na leo inafika dola 250,000. Umoja wa Ulaya ni yuro 100,000. Kiwango cha kwenu kitafute kabla hujavutiwa na rangi za programu.

Kuhama kwenyewe nilikuharibu, lazima niseme. Nilimpa mwajiri namba mpya tarehe 24, orodha ya mishahara ilikwisha kufungwa tarehe 20, mshahara ukaingia kwenye akaunti ya zamani. Kule nako nilikuwa nimekwisha kutoa kila kilichotoka, nikiisubiri siku ya kufunga. Ada ya mwezi ikaja ikakuta patupu, akaunti ikaingia deni, mshahara ulipotua ukalipa deni kwanza. Kisha malipo ya mwaka ya huduma moja ya intaneti, ambayo nilikuwa nimesahau kwamba yamefungwa kwenye kadi ya zamani, yakagonga mwezi uliofuata. Nilipoenda hatimaye kufunga, nikaambiwa lazima nilipe ada ya kufunga na nirudishe kadi. Kadi ya dhahabu. Karani aliikata kwa mkasi mbele yangu bila heshima yoyote.

Ningeanza upya, ningefanya hivi: ningefungua mpya, nikasubiri mshahara mmoja uingie huko nikauona kwa macho. Ningeipitia taarifa ya miezi 12 ya zamani nikatafuta kila malipo yanayojirudia, hasa ya mara moja kwa mwaka, maana hayo ndiyo yanayojificha. Ningeacha kwenye akaunti ya zamani kiasi cha kutosha ada za miezi miwili. Kisha ningefunga kwa barua, na ningeondoka na karatasi yenye mhuri inayosema imefungwa. Hiyo karatasi ninayo sasa, na imekwisha kunisaidia mara moja.

Tabia zangu zimebadilika kiasi, si sana. Natoa taslimu mara mbili kwa mwezi badala ya 11. Mwezi wa kwanza wa kufanya hivyo niliokoa ada nikatumia zaidi, kwa sababu pesa zilikuwa mfukoni na mfuko una mdomo. Ikabidi nizigawe kwenye bahasha. Kwa ndugu wanaopokea kwenye simu, natuma mara moja kubwa badala ya tatu ndogo, maana kila kutuma kuna ada kwangu na kila kutoa kuna ada kwao. Meseji za kulipia nilizizima nikabaki na taarifa za bure za programu. Ovadrafti niliiondoa kwa maandishi. Na nina ada ninayoilipa mpaka leo kwa hiari, ile ya mwezi, kwa sababu nimeihesabu na najua inaninunulia nini.

Mwaka jana mdogo wangu alipata kazi. Alikuja na kipeperushi kinachong'aa, akasema, "Dada, hawa ni bure." Nikamuuliza bure mpaka lini. Hakujua. Nikamwambia aandike ukurasa wake kwanza, akanuna, akauandika, mistari mitano tu kwa mwandiko mbaya. Jumamosi tulienda wote. Nilikaa pembeni, nikanyamaza kama nilivyoahidi. Alipomaliza kuuliza ya mwezi na ya kutoa, akauliza, "Na nikifunga akaunti hii baada ya miezi mitatu, nitalipa nini?"

Yule dada wa benki akacheka. "Hata hujafungua, kaka, unataka kufunga?"

"Ndiyo, naomba unitazamie."

Akafungua droo, akafunga. Akamwuliza mwenzake, naye hakujua. Akasema subirini kidogo, akaingia ofisi ya meneja na karatasi mkononi. Tulikaa pale dakika kama ishirini.